Kibodi Mpya na Haraka ya Risachi

Wanachuo wenzangu, ikifika mwezi wa sita hosteli zetu hapa Mbeya zinageuka ofisi za uchapaji. Risachi inadaiwa, ripoti ya fildi inadaiwa, supavaiza kasema Jumatatu. Na baridi ndiyo hiyo. Mtu amejifunika blanketi, kompyuta mpakato iko mapajani, anachapa mpaka saa nane usiku. Asubuhi kidole gumba na cha shahada vina ganzi, wenzake wanamwambia ni baridi tu, achue.

Mara nyingi si baridi. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha kano za vidole pamoja na neva. Ukikunja kifundo kwa saa nyingi neva ile inabanwa, na ganzi inaingia kwenye gumba, shahada, kidole cha kati na upande mmoja wa cha pete.

Ndiyo maana baadhi yetu, bumu likitoka, wananunua kibodi za ergonomiki, zile zilizogawanyika katikati ili mikono ikae imenyooka badala ya kupindia nje. Si kitu kipya. Microsoft walitoa ya kwao mwaka 1994. Mimi naziunga mkono, ila tunazianza vibaya mno.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alinunua yake mtumba, na usiku uleule akaanza kuchapia sura ya nne. Siku ya tatu bega linauma, makosa kila mstari. Akaiuza kwa hasara na sasa anatangaza kwamba ni utapeli. Jamani, sisi ni walimu watarajiwa! Nani kati yetu angempa mtoto wa darasa la kwanza kalamu leo, kesho amdai insha?

Kibodi mpya inaanzwa semesta ikifunguliwa, kazi zikiwa chache. Dakika 20 au 30 kwa siku, kuchapa notsi za kawaida, kazi nyingine zibaki kwenye kibodi ya zamani. Siku kadhaa zikipita bila maumivu, unaongeza. Kasi itashuka, hilo halikwepeki. Aliyezoea kupiga B kwa mkono wa kulia atakuta hewa, maana kwenye nyingi B iko kushoto. Na Kiswahili chetu kinavyopenda A, kidole kidogo cha kushoto ndicho kinabeba mzigo, kwa hiyo gusa taratibu, usipigilie kama misumari.

Viwiko vikae karibu na mwili, vifundo vimenyooka. Vile vimiguu vya nyuma vya kibodi visisimamishwe, vinakunja mkono kuelekea juu. Kompyuta yenyewe iweke juu ya vitabu, kioo kifike usawa wa macho. Maumivu mapya yakija, acha, usiyazoee. Ganzi ikikuamsha usiku, au kikombe kikikuponyoka, nenda hospitali, usisubiri wiki ya mitihani ipite.

Nisidanganye mtu: mwaka 1997 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilisema ushahidi kwamba kibodi hizi zinazuia maumivu bado haujatosha. Kibodi ya gharama juu ya kitanda haisaidii kitu. Kibodi ya kawaida ya kuchomeka, kwenye meza ya kimo sahihi, inaweza kukufaa zaidi.

Hapo ndipo naigeukia serikali yetu ya wanafunzi. Chumba chetu cha kompyuta kina viti vya plastiki visivyopanda wala kushuka, na kinafungwa jioni, muda ambao watu ndiyo wanaanza kuandika. Dada anayetuchapia steshenari ni mfanyakazi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtambua. Sisi tunaochapia kitandani tunatambuliwa na nani? Tunaomba viti vya kurekebishika, kibodi za kuchomeka, na mlango uwe wazi mpaka saa nne usiku. Bajeti ikijadiliwa, viti vitangulie kabla ya fulana za bonanza.