Mtoto Akililia Wembe



Majuma mawili yaliyopita baba mmoja wa kigango cha mbali alifika ofisini kuandikisha jina la mwanawe kwa Kipaimara. Tulipokwisha kuandika, hakuondoka. Alikaa akiigeuza kofia yake mikononi, kisha akaniuliza, "Karani, kijana wangu anataka zawadi ya kisu cha kukunja. Mama yake hataki hata kusikia. Mimi nasema, mtoto akililia wembe, mpe. Wewe wasemaje?"

Nilimjibu kwamba methali hiyo naijua, lakini haikutaja ni wembe gani. Leo nawaandikia ninyi nyote yale niliyomwambia yeye, maana najua si yeye peke yake mwenye kijana wa umri huo nyumbani.

KISU CHENYE GOTI

Kisu cha jikoni hakina kiungo. Ubapa umeingia ndani ya mpini ukashikwa humo, basi. Kisu cha kukunja kina kiungo, kama goti la mtu. Tunakikubali kiungo hicho kwa sababu moja tu: makali yapate kujificha ndani ya mpini, ili mtu akitie kisu mfukoni bila kujichoma paja. Faida ni hiyo. Hasara ni kwamba goti hulegea, huingia mchanga, na pengine hujikunja wakati usiotakiwa. Mafundi wote wa visu hivi, kila mmoja kwa akili yake, wamehangaika na jambo hilo moja: kulifanya goti limtii mwenye kisu.

Nitawaeleza namna mbili za Ulaya, ambazo mpaka leo zatengenezwa, na ambazo wenye navyo tunao hapa kwetu.

KISU CHA WASWISI

Mwaka 1884 fundi Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach, nchini Uswisi. Visu vya kwanza vya askari wa nchi yake vilitoka Ujerumani. Lakini mwaka 1891 yeye akaanza kuwapelekea vya kwake. Kisu hicho kilikuwa na ubapa, kifungulia kopo, chuma cha kutobolea, na bisibisi ya kufungulia bunduki. Mwaka 1897 akaandikisha kingine chepesi zaidi, cha maofisa. Humo springi ile ile iliyoshika vyuma vya upande mmoja ilishika pia vya upande wa pili, hivyo vyuma vikaongezeka bila mpini kunenepa sana. Kampuni yake leo yaitwa Victorinox.

Mwalimu mmoja wa shule yetu anacho mwaka wa tisa sasa. Aniambia kwamba mkasi na bisibisi vimemfaa kuliko ubapa: amekaza miwani, kufuli ya kabati, na redio ya jirani. Chuma chake hakishiki kutu upesi. Lakini ana manung'uniko mawili. La kwanza, akimenya muhogo wa watu wengi, mpini ule mpana wamwumiza kiganja, maana kila chuma kilichoongezwa kimechukua nafasi ya mkono. La pili, ubapa mkubwa washikwa na springi tu. Ukikata kwa kuvuta, hauna neno. Ukiusukuma kwa upande wa mgongo, utajikunja.

Tena angalieni: si kila kisu chekundu chenye msalaba kimetoka Ibach. Vya kuigiza ni vingi sokoni.

KISU CHA WAFARANSA

Mwaka 1890 Joseph Opinel, mtoto wa mhunzi wa milima ya Savoie, alitengeneza kisu cha wakulima: ubapa mmoja, mpini wa mti, na msumari wa kuviunganisha.  Mwaka 1897 vikatolewa kwa ukubwa mbalimbali, namba 1 mpaka 12. Namba 8, ipendwayo na wengi, ina ubapa wa sentimeta 8 na nusu. Goti lake halikuwa na springi wala kufuli. Lilibanwa na mti wenyewe. Ilipita miaka 65 ndipo, mwaka 1955, ikaongezwa pete ya chuma shingoni mwa kisu. Ukiisha kufungua, waizungusha pete, mwanya wazibwa, na ubapa hauwezi kurudi mpaka uizungushe tena.

Mzee mmoja mfuga nyuki aliachiwa kisu hiki na Padre aliyerudi kwao. Mzee akisifu sana, kwa kuwa ni chepesi, kinajaa vizuri mkononi, na ubapa wake mwembamba hunoleka upesi hata juu ya jiwe la mtoni. Lakini masika yakifika, mti hunywa maji ukavimba, na ubapa hukwama ndani. Hapo hugonga kisigino cha mpini juu ya jiwe mpaka ubapa uchungulie, kama wafanyavyo watu wa Savoie wenyewe. Tangu alipoanza kuupaka mpini nta ya nyuki, taabu imepungua.

Mkewe naye ana neno lake. Chuma cha kisu kile ni cha namna ya zamani, kishikacho kutu. Kikikata ndimu au embe bichi hugeuka cheusi, na tunda hupata ladha ya chuma. Vipo vya namba hizo hizo vya chuma kisichoshika kutu, lakini mzee asema kinoo huchukua muda mrefu zaidi juu ya hivyo. Basi mwaona: hakuna kisu kilichopewa yote. Chagua ni taabu ipi utakayoiweza.

VIDOLE VYANGU

Sasa nitasema langu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mnadani kisu cha kukunja kisicho na jina, springi yake imelegea, kufuli hakina. Juma Kuu lilipokaribia nikataka kutoboa tundu katika mshipi wangu. Nikasimamisha ncha juu ya ngozi nikasukuma kwa nguvu. Ncha ilikwama, mkono ukaenda mbele, na ubapa ukajifunga juu ya vidole viwili vya mkono wa kulia.

Majuma matatu sikuweza kushika kalamu. Watoto waliobatizwa Pasaka ile waliandikwa na Katekista, mtu mwema lakini mwenye haraka. Mpaka leo ukikifungua Kitabu cha Ubatizo utaona mwandiko mwingine katika kurasa hizo, na mahali pamoja jina la mama wa mtoto limekosewa. Pembeni pana masahihisho na sahihi ya Paroko. Kila nikitoa cheti katika ukurasa ule, nakumbuka mshipi wangu.

Kwa muda mrefu nilikilaumu kisu. Kweli, kingalikuwa na pete, vidole vingalipona. Lakini kazi ile ilitaka sindano nene ya fundi viatu. Kufuli husaidia mkono uliokosea mara moja. Haufundishi mkono usiojua. Tangu hapo natembea na kisu cha pete, na sitoboi nacho kitu.

SHAURI LANGU

Kwa kijana wa shambani, mpeni kisu cha ubapa mmoja, chenye kufuli, kisichozidi upana wa kiganja chake. Kama ni mvivu wa kupangusa, chagueni chuma kisichoshika kutu. Dukani kifungueni mkautikise ubapa kushoto na kulia; ukicheza, kirudisheni. Kisha afundishwe haya:

1. Afungue kwa mikono miwili, akaze kufuli kabla ya kukata. Kufuli iliyosahauliwa ni sawa na isiyokuwapo.

2. Akate kwa kuelekeza makali mbali na mwili wake na mbali na wenzake.

3. Asichimbe, asibandue, asitoboe kwa kisu cha kukunja.

4. Akinoe mara kwa mara. Kisu butu hutaka kusukumwa, na kusukuma ndiko kuliko niumiza mimi.

5. Kikilowa akifungue na kukikausha. Atie tone la mafuta ya kupikia katika kiungo, si mafuta ya gari, maana kitakata chakula.

6. Akimpa mwenzake, ampe kimefungwa. Tena kisu hakiendi shuleni, wala ngomani, wala penye pombe.

Yule baba alisikiliza yote, kisha akaomba kuviona vidole vyangu. Akavitazama kitambo. "Nitampa," akasema, "lakini kwanza atatumia changu mwezi mzima, mbele ya macho yangu."

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mkewe alinifuata chini ya mwembe. Nilidhani amekuja kunigombeza. Akaniamkia, akatazama huku na huku, akasema, "Karani, hiyo pete yenyewe huzungushwaje?"

Nikatoa changu mfukoni nikamwonyesha. Akaifunga na kuifungua mara tatu, mpaka alipoweza bila kutazama.

Mungu awabariki nyote.

Karani wa Parokia