Mwambie Daktari Kazi Uliyoifanya

Msomaji wa Umoja, Donholm au Kayole, bila shaka umeziona bodaboda za stima ambazo hazitoi moshi. Ni jambo la kusifiwa. Lakini lithiamu ya betri hizo mara nyingi hutokana na jiwe gumu liitwalo spodumeni. Bikita nchini Zimbabwe imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1950, na hivi sasa makampuni yanang'ang'ania Manono, nchini Kongo.

Jiwe hilo hupasuliwa kwa baruti, husagwa likawa unga, kisha huchomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 kabla ya kutiwa asidi. Watu huogopa asidi. Mimi naogopa vumbi. Mwamba wenye spodumeni una kwatzi nyingi pia, na chembe zake, ndogo hata hazionekani kwa macho, huzama ndani kabisa ya mapafu na kuyajaza makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi.

Usidhani kwamba hayo ni ya Kongo pekee. Fundi anayekata graniti ya meza za jikoni kwa mashine bila maji huvuta vumbi la aina hiyo hiyo, na hata wavunja kokoto wa matimbo ya Njiru hawafai kulidharau.

Sisi madaktari tuna lawama yetu. Mgonjwa akija na kikohozi cha miezi mitatu, tunakimbilia kupima kifua kikuu, na ni sawa. Viini visipoonekana, anapewa dawa ya kikohozi na kuambiwa aende nyumbani. Ni nani aliyemuuliza alifanya kazi gani miaka 15 iliyopita? Silikosisi aghalabu hujitokeza baada ya muda mrefu, wakati mwingine mtu akiwa amekwisha kuacha mgodi na sasa anauza mboga sokoni.

Kwa hivyo usingoje kuulizwa. Mweleze daktari, na uombe picha ya kifua.

Huko Afrika Kusini, wachimba dhahabu walipigania haki yao hadi Julai 2019, mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya randi bilioni 5. Hapa kwetu, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya 2007 inatambua pia maradhi yatokanayo na kazi. Mwajiri anapaswa kunyunyiza maji jiwe linapotobolewa au kukatwa. Leso mdomoni haizuii chembe hizo. Na barua ya kuajiriwa, hata iwe ya kibarua cha miezi sita, usiitupe.