KUCHEKA WENZETU: NANI YUKO NA HAKI?



Mu shule yetu kuko neno moja linalozunguka tangu semestri ya kwanza: je, saynete za kuchekesha ziendelee ku sikukuu ya mwisho wa mwaka, ao zikatazwe? Wengine wanasema: «Zikatazwe kabisa, zimeharibu urafiki.» Wengine wanajibu: «Mutu asiyejua kucheka ni mugonjwa.» Mimi sitaki kujibu kwa kelele. Ninataka tupite kwanza kwa filimu moja ya Marekani, maana ile filimu inatufundisha jambo ambalo sisi tunaligombania bila kulipima.

Filimu yenyewe inaitwa Electric Apricot: Quest for Festeroo. Ni ya mwaka 2006. Aliyeiandika na kuiongoza ni Les Claypool, mpiga gitari ya besi wa orkestra Primus ya California. Ni dokimanteri ya uongo. Maana yake nini? Kamera inafuata watu kama vile wanavyofanya watu wa habari, inawauliza maswali, na wao wanajibu kwa uso wa mtu anayesema ukweli. Lakini orkestra ile haikuzaliwa pahali popote isipokuwa ndani ya filimu. Wanaojibu ni wachezaji. Hakuna anayekonyeza jicho kusema «tunawachezea». Kichekesho chote kinatoka mule: kadiri wanavyosema mambo madogo kwa uzito mkubwa, ndivyo sisi tunavyoshika tumbo.

Orkestra ya mule ndani iko na watu wanne, haina jina kubwa, na mawazo yao yote yako ku festivali moja inayoitwa Festeroo. Claypool mwenyewe, ambaye dunia nzima inamjua kwa gitari ya besi, anajificha nyuma ya batteri na kujiita Lapland Miclovich. Jina Festeroo linafanana na Bonnaroo, festivali ya kweli iliyoanza mwaka 2002 karibu na mji wa Manchester, mu jimbo la Tennessee. Basi kila Mmarekani mpenda muziki anajua mara moja mkuki unaelekea wapi.

Unaelekea kwa orkestra wanazoziita huko orkestra za jemu. Niwaeleze. Mu orkestra za namna hii wimbo hauna mwisho uliopangwa. Waimbaji wanaimba maneno kidogo, kisha magitari yanatoka barabarani na kuingia mu pori kutafuta njia. Dakika 10, dakika 20, wakati mwingine zaidi. Baba wa kabila hii ni Grateful Dead, iliyoanza California mwaka 1965 na Jerry Garcia, aliyekufa mwaka 1995. Kisha ikaja Phish, iliyoanza Vermont mwaka 1983. Usiku wa 31 Desemba 1999, ku Big Cypress mu Florida, Phish walipanda jukwaani karibu na saa sita ya usiku na hawakushuka mpaka jua likatoka. Zaidi ya saa saba ya muziki! Interna yetu nzima ingekuwa imelala, imeota ndoto na kuamshwa na kengele, na wao wangali wanapiga.

Sisi watu wa Congo tusijifanye kushangaa sana. Sebene tunaijua. Wimbo «Mario» wa Franco na TPOK Jazz, wa mwaka 1985, unapita dakika 10, na hakuna baba wa mu nyumba zetu aliyeomba ufupishwe. Lakini kuko tofauti. Sebene inajua kazi yake: miguu ya watu. Gitari inarudia, inabana, inasukuma, mpaka mzee naye anaacha kiti. Orkestra ya jemu inatafuta kitu ambacho hakijulikani bado. Siku nyingine inakipata, na watu wanalia machozi. Siku nyingine haikipati, na inaendelea kukitafuta mbele ya macho yenu.

Na wafanatiki wao! Wale wa Grateful Dead walikuwa wanafuata orkestra mji kwa mji, wengine kwa miezi, na mu parking waliuza mashati na chakula ili wapate mafuta ya kufika mji wa kesho. Walinasa kila muziki na kaseti. Wenye orkestra hawakuwakataza. Tangu mwaka 1984 waliwatengea hata pahali pao pa kusimamisha mikro. Kisha kaseti zile zilibadilishanwa mkono kwa mkono, na watu waliandika mu kaye: siku fulani, mji fulani, wimbo wa kwanza huu, wa pili ule. Mpaka leo wanaweza kubishana usiku kucha ni siku gani wimbo mmoja ulipigwa vizuri zaidi.

Sasa mnaona sababu ya filimu. Mtu anayepiga gitari dakika 20 anaweza kuanza kujiona nabii. Mtu anayemsikiliza dakika 20 anaweza kuanza kujiona mwenye akili kupita jirani anayependa wimbo wa dakika tatu. Muziki si kosa. Kupenda si kosa. Kosa ni kuvimba, na filimu inachoma pale palipovimba.

Lakini swali langu ni hili: nani anashika sindano?

Claypool si mtu wa inje anayepita na kutupa jiwe. Mwaka 2000 aliunda orkestra Oysterhead pamoja na Trey Anastasio, mpiga gitari wa Phish, na Stewart Copeland, aliyepiga batteri mu orkestra Police. Naye amekwisha kusimama jukwaani na kurefusha nyimbo, naye amekwisha kuchezewa na wale watu wenye kufumba macho na kupepea mikono. Anapocheka hii nyumba, anacheka nyumba aliyolala ndani. Tena hakuwa peke yake. Bob Weir wa Grateful Dead anaonekana mu filimu. Mike Gordon, mpiga besi wa Phish, anaonekana pia. Wakubwa wenyewe wa ile kabila walikubali kuja kukaa ndani ya kichekesho kinachowacheka. Fikirini jambo hilo mbele ya kuendelea kusoma.

Na desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1978 Eric Idle, mchekeshaji wa Uingereza, alitengeneza filimu ya televizyo juu ya The Rutles, orkestra ya uongo iliyoiga Beatles. George Harrison, Beatles wa kweli, akaja kucheza mule kama mtu wa televizyo mwenye mikro. Mwaka 1984 ikatoka This Is Spinal Tap ya Rob Reiner, juu ya orkestra ya roki ya Waingereza wanaojiona wakubwa wakati watu wanawaacha. Mule ndani mpiga gitari anaonyesha kwa majivuno mashini yake ya sauti: zingine zinaishia ku namba 10, yake inafika 11. Anaulizwa kwa nini wasifanye 10 iwe na nguvu zaidi. Anafikiri, kisha anarudia tu kwamba yake inafika 11. Mara nyingine wanaagiza jiwe kubwa la jukwaani, la futi 18. Aliyeandika karatasi ameandika inchi 18. Jiwe linashuka mbele ya watu, halimfiki hata mtu magoti vizuri! Wachezaji wa filimu ile walijua kupiga vyombo kweli, mpaka mwaka 1992 walipiga ndani ya Royal Albert Hall ya London. Huwezi kuiga vile gitari inavyopigwa kwa majivuno kama hujajua kwanza kuipiga.

Najua mtu atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: «Sawa, wapiga muziki wanajicheka. Lakini wafanatiki je? Wao hawakuandika filimu. Ni watu wadogo, hawana mikro, wanacheza mu majani na furaha yao, hawaumizi mtu. Kwa nini kuwacheka?» Neno hili lina uzito. Mimi pia naona kwamba kumcheka mwenye jukwaa na kumcheka anayesimama chini ya jukwaa si kitu kimoja. Mwenye jukwaa atajibu kesho na gitari yake. Wa chini atajibu na nini? Kwa hiyo nasema: kucheka wafanatiki kunaruhusiwa pale tu kunapocheka kile walichokichagua wenyewe, kama kuhesabu dakika za wimbo ao kujisifu na kaseti. Mtu anaweza kuacha kaseti zake kesho. Hawezi kuacha mwili wake, wala kabila yake, wala umaskini wa baba yake.

Sasa turudi mu shule yetu.

Ku sikukuu ya semestri ya kwanza kulikuwa saynete mbili. Wote tulikuwa pale. Ya kwanza ilitungwa na wanakwaya wenyewe. Walionyesha kwaya inayorudia kiitikio mpaka wali unapoa, wageni wanasinzia, na mwongozaji angali ananyosha kidole: «Mara ya mwisho!» Mwongozaji wetu wa kweli alicheka mpaka akafuta macho. Na mmeona wenyewe: tangu hapo kwaya inajua kumaliza wimbo. Shauri ngapi za walimu zilikuwa zimeshindwa kufanya hivyo?

Ya pili ilitungwa na vijana wengine. Walimwiga mwenzetu mwenye kigugumizi. Sitataja jina lake, wala majina yao. Watu walicheka, ndiyo, tena kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale wachezaji aliyekuwa na kigugumizi. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Na yeye hakuwa na saynete yake ya kujibu. Zamani alikuwa mtu wa kwanza wa kunyosha kidole mu hesabu. Tangu ile siku hanyoshi tena. Mwalimu anauliza, yeye anaangalia meza, na jibu tunajua analo. Wazee wetu walisema: mcheka kilema hafi bila kumfika.

Kwa hiyo wale wanaotaka kukataza saynete zote wanataka kung'oa mhogo pamoja na majani mabaya. Ile ya kwanza ilitusaidia, ya pili ilimwumiza mtu. Tukifunga mlango, zote mbili zitakufa ku jukwaa, lakini ile ya pili itaendelea kuishi mu dortwari na nyuma ya vyoo, pahali ambapo hakuna mwalimu wa kuisimamisha. Kukataza hakutafundisha mtu kucheka vizuri.

Mimi naomba Bwana Prefe na Baraza la nidhamu waruhusu saynete, lakini kila kundi lijibu maswali matatu mbele ya kupanda jukwaani. La kwanza: je, ninyi wenyewe mumo ndani ya kile mnachokicheka? Mwanakwaya acheke kwaya, mchezaji wa mpira acheke ekipe, mtu wa interna acheke interna. La pili: je, mnacheka majivuno ao mnacheka udhaifu? La tatu: je, yule mnayemcheka anaweza kuwapo, kuketi mstari wa mbele, na kujibu? Kundi likishindwa swali moja, libadilishe saynete yake.

Wengine watauliza: na walimu je? Je, mwanafunzi amwige mwalimu? Hapa naomba tuangalie tena Bob Weir na George Harrison. Hawakungoja kuchekwa nyuma ya mgongo. Waliingia wenyewe, na heshima yao haikupunguka hata kidogo. Mwaka huu tuombe mwalimu mmoja anayekubali aingie mu saynete na ajicheze mwenyewe: ile chaki yake, ile saa yake, yale maneno yake tunayoyajua kwa moyo. Nawaambia, mwanafunzi atakayemdharau mwalimu wa namna hiyo bado sijamwona.

Na kapita je? Kapita yuko na filimbi saa kumi na moja na nusu ya asubuhi. Yuko na daftari la majina. Yuko na mwendo fulani akipita mu mstari, mnaujua, maana nimesikia munauiga mu dortwari. Basi kuleni ruhusa: saynete ya kwanza ya mwaka huu iwe ya kapita. Filimbi nitaikopesha mimi mwenyewe. Na ile nafasi ya mwanafunzi anayejua jibu la hesabu kuliko kapita, tumpe yule mwenzetu, kama atataka. Tumwulize kwanza.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho