Nuru ya Studio: Taa Moja Njema Yashinda Nne Kali

Mwenye kufungua studio ya picha hutangulia kuuliza bei ya kamera, na taa akaziacha mwisho. Kwa desturi hiyo akiba ya miaka huishia katika mashine nzuri itoayo picha mbaya. Kamera hainasi uso wenyewe. Hunasa nuru iliyouangukia uso.

Kijana mwenye nia ya kufungua studio katika mtaa kama Gasenyi, kaskazini ya Bujumbura, hana budi kulifikiri jambo hili mapema. Mteja wake leo ni mzee anayetaka picha ya karangamuntu, kesho ni bibi arusi aliyevaa invutano. Harusi hairudiwi kwa sababu picha zimeharibika.

Uso mweusi umeonewa siku nyingi katika kazi hii. Kwa miongo kadhaa rangi za picha zilirekebishwa kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, nayo ilitoka kwa kampuni ya Kodak. Mtu mweusi alitoka macho na meno tu. Kamera za siku hizi zimeipunguza kasoro hiyo, lakini taa mbovu huirudisha.

Nuru ya kwanza kuchaguliwa ni ile isiyouzwa. Bujumbura iko digrii 3 na kitu kusini ya ikweta. Jua la saa sita huwa karibu na utosi, likayaacha macho gizani. Nuru hiyohiyo ikipita katika dirisha pana lenye pazia jeupe huwa laini na yenye kupendeza. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa nuru ya mchana, na kazi zake zimesifiwa duniani kote.

Taa hununuliwa kwa ajili ya usiku, mawingu na video. Hapo yapo mambo matatu ya kupima.

La kwanza ni upana. Taa ndogo kali hufanya paji la uso ling'are kama bati na kutupa kivuli kizito ukutani. Taa iliyofunikwa kwa mwavuli mweupe au kitambaa, ikawekwa karibu na mtu, huitandaza nuru juu ya ngozi. Upande wa pili shuka jeupe hutosha kuirudisha. Ikumbukwe kuwa taa ikisogezwa mbali mara mbili, nuru hubaki robo.

La pili ni rangi. Kipimo cha usahihi wake huandikwa CRI, na ukomo wake ni 100; inafaa isipungue 95. Tena, nuru ya mchana ni kama Kelvini 5,600, na ya balbu za manjano ni kama 3,200. Zikichanganywa, shavu moja huwa la manjano na jingine la buluu.

La tatu ni umeme. Taa mbili za kizamani za vati 1,000 kila moja, zikiwaka saa tano, hula uniti 10, na joto lake hukitesa chumba kidogo. Mbili za LED za vati 100 hula uniti 1 kwa muda huohuo. Zile zinazokubali betri zina faida zaidi, kwani umeme ukikatika shughuli haivunjiki. Flashi ni nzuri kwa picha za mnato, lakini haifai kwa video.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aiwashe taa dukani na kumrekodi mwenzake kwa video, kwa nuru kamili na kwa nuru iliyopunguzwa. Mistari ikipita juu ya picha, au ngozi ikigeuka ya kijivu, taa hiyo na ibaki dukani. Fedha ikitosha taa moja tu, basi iwe moja iliyo njema. Ya pili italetwa na wateja.