Kilabu na Klabu

Neno moja la Kiingereza limetuzalia mapacha wasiosalimiana. Klabu ya mpira ina jezi, katiba na wapenzi. Kilabu cha pombe kina mabenchi, moshi wa kuni na sifa mbaya. Hata ngeli imewatenga: huyu amevaa ki- akaketi pamoja na kiti na kikapu, yule amebaki na ugeni wake. Wakizidi mmoja tu, wote huwa vilabu, na undugu ukafichuka.

Jina ni geni, lakini unywaji si mgeni. Zamani pombe ilinywewa nyumbani kwa aliyeipika, baada ya kazi ya ujima, arusini au tambikoni. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyotaka iuzwe mahali panapojulikana, penye leseni na ushuru. Na sheria ya Tanzania ya mwaka 1968 ikaendeleza utaratibu wa leseni. Kikombe cha ujirani kikawa na bei. Hata hivyo, bei hiyo iliangukia mikononi mwa wanawake wapika pombe, nao wakalipia karo za watoto ambao leo huona haya kupitaja pale.

Ulevi siutetei. Ninatetea msamiati. Iringa na Njombe, wakati wa mvua, mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi na kukinga utomvu kwa mbeta, ambayo nayo ni kipande cha mwanzi. Ulanzi mbichi ni mtamu, hata mtoto huupenda; ukilala huwa mkangafu, na hapo hata mtu mzima hujishika. Uchagani, mbege huunganisha ndizi mbivu zilizopikwa, kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe, kisha kata hupita kwa kufuata umri. Kila hatua ina jina, na kila jina lina adabu yake. Baa imetuletea swali moja tu: baridi au moto?

Washairi wetu humtaja mgema kwa sababu ya methali, wakamwacha mpika pombe na vyungu vyake. Naona tumekosea. Anayekusanya maneno na aende kilabuni na daftari, akakae na mama hao wangali wapo. Ila awahi kabla ya saa tisa alasiri; wateja wakishaingia, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumjibu.