Sweta Moja Tu

Kabla sijatoa maoni yangu, naomba kwanza niungame kosa langu.

Ilikuwa Jumatatu, nami nikiwa kidato cha pili. Niliitwa mbele ya paredi kupandisha bendera. Nilipoinama kufungua kamba, nikasikia "prrr!" Mshono wa suruali ulikuwa umeachana kutoka kiunoni hadi mapajani. Wacha wee! Shule nzima iliangua kicheko, hata mwalimu wa zamu akajifunika mdomo kwa daftari. Msichana mmoja wa darasa letu ndiye aliyejitokeza, akavua sweta yake, akanipa nijifunge kiunoni. Baridi ikampiga yeye. Kufikia saa za githeri, mimi mwenyewe nilikuwa nikikisimulia kisa hicho kwa madaha.

Majuma machache baadaye, msichana yuyo huyo aliitwa ubaoni kukokotoa hesabu. Alipotupa mgongo tukaona doa jekundu kwenye sketi yake. Wavulana wa nyuma wakaanza kupiga miluzi. Nami nilicheka, tena nimevaa sweta yangu! Hakuna aliyesimama. Alitoka mbio, na hatukumwona shuleni kwa siku nne.

Nilipomwomba radhi baadaye, alinijibu, "Pole sikuihitaji. Ningepata sweta tu."

Sasa nauliza, jamani: mshono wangu ulikuwa uzembe, maana niliona uzi unalegea tangu Jumamosi. Hedhi ni uzembe wa nani? Mbona mimi nilisamehewa siku hiyo hiyo, naye akabandikwa jina la utani mpaka muhula ukaisha?

Msidhani haya ni ya wanafunzi pekee. Mwezi wa Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia katika Seneti yetu akiwa na doa kwenye suruali nyeupe. Spika akamtaka atoke akabadilishe mavazi. Ikiwa wakubwa hufanya hivyo, sembuse sisi?

Ni kweli serikali imejaribu. Mwaka 2004 iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo, na sheria ya 2017 ikaagiza wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo. Lakini sheria haiwezi kunyamazisha miluzi. Kazi hiyo ni yetu, hasa sisi wavulana. Katika Bayolojia tunakariri mzunguko wa siku 28, tunapata alama zetu, kisha tunamcheka mwenzetu kwa jambo lile lile tulilolijibu kwenye mtihani. Elimu gani hiyo?

Maoni yangu ni haya. Kila darasa liweke kabatini sweta moja ya akiba na pakiti ya sodo. Ufunguo akae nao kiranja msichana, na anayechukua asiulizwe maswali. Nawe mvulana mwenzangu, ukiliona doa, vua sweta yako umpe, kisha unyamaze.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Aliyecheka leo, kesho mshono wake utaachana mbele ya bendera.