Bunduki za kale za uwindaji nazo ni sehemu ya historia yetu

MNAMO mwaka wa 2015, kampuni ya John Rigby ya jijini London iliinunua tena bunduki ambayo ilikuwa imeiunda yenyewe zaidi ya karne moja awali. Bunduki hiyo ilikuwa ya Jim Corbett, aliyetunukiwa mwaka wa 1907 baada ya kumuua chui-milia jike aliyedaiwa kuangamiza watu 436 nchini Nepal na India. Mwaka wa 2016 ikapelekwa India, alikowindia mwenyewe.

Corbett alihamia Nyeri mwaka wa 1947, akafariki na kuzikwa huko mwaka wa 1955. Kwa hivyo kisa hiki kinatuhusu. Wenzetu wameitambua bunduki kuukuu kuwa kumbukumbu. Sisi tunaitambua kuwa silaha tu.

Bunduki za aina hii huendeshwa kwa mkono. Mwindaji huinua komeo, akalivuta nyuma ili ganda litoke, kisha akalisukuma mbele risasi nyingine iingie. Muundo uliotia fora ni ule wa Mauser wa Ujerumani wa mwaka wa 1898, wenye ukucha mpana wa chuma unaoikamata risasi mara tu inapotoka kwenye magazini. Kwa mtu aliyekabiliana na nyati aliyejeruhiwa, ukucha huo ulikuwa tofauti kati ya kurejea kambini na kuzikwa.

Mjuzi anayetaka kumiliki bunduki kama hiyo hahadaiwi na mng'aro. Hutazama iwapo nambari iliyochongwa kwenye komeo inalingana na ya mwili wa bunduki. Humulika ndani ya mtutu, kwani viwashio vya risasi za zamani viliacha chumvi iliyokula chuma pale mwenyewe alipozembea kusafisha. Mikwaruzo kwenye kitako haimsumbui. Kinachopunguza thamani ni fundi aliyekisugua na kukipaka vanishi mpya, akafuta alama za mikono yote iliyokishika.

Na mikono hiyo haikuwa ya wazungu pekee. Theodore Roosevelt alipowasili Mombasa mwaka wa 1909, silaha zake zilibebwa na Waafrika waliotembea hatua chache nyuma yake. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Wakati huo huo, Mkamba au Mwata aliyetoka na uta wake kuwatafutia watoto kitoweo aliitwa jangili. Uchungu huo nao umo ndani ya bunduki hizi, na ni sababu mojawapo ya kuzihifadhi badala ya kuzisahau.

Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini Mei 1977. Tangu hapo bunduki hizi zimebaki kabatini, na wenyewe wanazidi kufariki. Hapa ndipo penye tatizo. Sheria ya Silaha haitofautishi bunduki ya mwaka wa 1910 na iliyoundwa jana. Zote zinahitaji cheti, na cheti hakirithiwi. Mjane asiyejua taratibu hizi anaweza kujikuta na kosa la jinai ndani ya nyumba yake mwenyewe, ilhali hajawahi kugusa kifyatulio.

Sidai kwamba sheria ilegezwe. Wakazi wa Baringo na Turkana wanajua vyema bunduki iliyo katika mikono isiyofaa hufanya nini, na serikali haikukosea ilipoteketeza maelfu ya silaha haramu huko Ngong mnamo Novemba 2016 na tena Juni 2021. Swali langu ni moja tu: kabla ya silaha kutiwa motoni, ni nani anayeitazama?

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 haisaidii moja kwa moja. Kifaa huhesabiwa kuwa cha kale iwapo kiliundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Mauser ya mwaka wa 1898 imechelewa kwa miaka mitatu! Karibu enzi yote ya safari za uwindaji imeachwa nje ya mlango kwa sababu ya tarehe.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza kifaa, au aina ya vifaa, kuwa mali inayolindwa kwa sababu ya historia yake. Hauhitajiki mswada mpya. Yanatosha maelewano kati ya Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha na Makavazi ya Kitaifa: bunduki ya kale ikisalimishwa, mtaalamu aikague, aandike nambari yake na jina la aliyeimiliki. Aulize pia jina la aliyeibeba, maana bado wapo wazee wanaokumbuka. Ikistahili kuhifadhiwa, iondolewe kipini cha kugonga risasi na mtutu uzibwe, ndipo iwekwe kwenye kabati la kioo. Nyeri, alikozikwa Corbett, pangekuwa mahali pazuri pa kuanzia.